Boazi Hurudi Siku ya Tatu

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Siku ya mnada pale Karatu, penye uzio wa ng'ombe, alisimama saa nne nzima na kando yake palikuwa na benchi tupu. Mtu mzima wa afya hasimami saa nne kando ya benchi tupu. Ulimtazama akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kama aliyekanyaga majivu ya moto. Ukasikia dalali akimwita "Maksai!" na watu wakiangua kicheko. Na wewe ukacheka kidogo, kile kicheko cha puani, halafu ukatoa simu mfukoni ukasoma kitu ambacho leo hukikumbuki hata ukilipwa. Wapo wanaokumbuka. Mtu yule anaitwa Boazi Gwandu, wa Kansay. Siku ile ulitazama pembeni. Leo tazama huku.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya milima, Boazi alikuwa amepiga magoti nyuma ya dume changa la jirani yake Wilibrodi, koleo la kuhasi mikononi. Dume lilikuwa limelazwa chini, miguu imefungwa kamba ya katani, na Wilibrodi mwenyewe amelikalia shingoni.

"Bana basi, bwana. Linanihemea usoni."

"Subiri."

"Unasubiri nini, baraka ya askofu?"

Alikuwa anasubiri waya upite. Ndivyo alivyouita: waya. Ulianzia chini kushoto, ndani kabisa ya korodani, ukapanda kwenye kinena, ukazunguka mpaka kiunoni, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anauvuta kupima kama umekaza. Ulikuja akipiga magoti. Ulikuja akikaa, akiinua debe la maharage, akilala na mke wake. Mwaka mmoja na miezi minane.

Ukapita. Boazi akautafuta mshipa wa dume kwa vidole, akausogeza pembeni, akabana, akahesabu polepole mpaka sitini. Akahamia upande wa pili, chini kidogo ya pale alipobana kwanza, maana ukifuata mstari mmoja pande zote mbili ngozi inakufa. Hakuna kisu, hakuna damu. Kazi hii alifundishwa na baba yake, na baba yake alimwachia jambo moja zaidi ya koleo: siku ya tatu unarudi. Mvua inyeshe, kuwe na msiba, unarudi. Unashika kwa mkono wako mwenyewe, unapima uvimbe, unasikia joto. "Kubana kila mtu anaweza," mzee alikuwa akimwambia. "Wewe unaitwa kwa sababu unarudi."

"Alhamisi nakuja kulitazama," Boazi akasema, akiinuka kwa kushikilia nguzo.

"Alhamisi tutakuwa hoi. Umesahau Jumatano kuna mkutano wa mradi Mbulumbulu? Wageni wanatoka Dar. Utawapa yale maneno yako matamu ya mwaka juzi."

"Wilibrodi, bado kunauma."

"Hayo yako kichwani, walishasema. Kama unaumwa kweli, mbona unatembea?"

Boazi alitaka amwambie: angalia ninavyotembea. Lakini Wilibrodi alikuwa ameshageuka, anaita mtoto alete maji ya dume.

Hawa wawili hawakuwa majirani wa kupungiana mikono tu. Boazi alikuwa na maksai mmoja, aitwaye Kanali. Wilibrodi alikuwa na mmoja, aitwaye Diwani kwa sababu alikuwa mnene na hakuanza kazi mpaka apigwe kelele. Maksai mmoja halimi. Kwa miaka saba waliwafunga nira moja, wakalima kwa Boazi kisha kwa Wilibrodi, mwaka unaofuata wanageuza. Ratiba ilibandikwa ukutani kwenye banda, imeandikwa kwa mwandiko wa Wilibrodi uliolalia kushoto kama majani yaliyopigwa na upepo. Wilibrodi ndiye msomi wa pale. Yeye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye begi, kofia na pikipiki ya mradi.

Na ni yeye aliyekuja na habari ya wanaume kufunga mirija ya uzazi.

Hyasinta, mke wa Boazi, alipojifungua mtoto wa tano, damu ilipita godoro ikafika sakafuni. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mweupe viganja, na onyo kwamba mimba nyingine inaweza kumwondoa. Sindano za uzazi zilimsumbua, kijiti kikamsumbua zaidi. Boazi alimwangalia miezi sita akishika ukuta kila anapoinuka. Usiku mmoja akamwambia, "Mama Vumilia, pumzika. Nitakwenda mimi." Hakuna aliyemlazimisha. Hilo hata leo halijutii, na asije mtu akasema Boazi anajuta.

Watu wa mradi walikuja na hema, viti vya plastiki na fulana za njano. Kijana mwenye miwani alimweleza: dakika ishirini, kama kung'oa jino, maumivu siku mbili tatu. Boazi akamuuliza swali moja tu.

"Mtarudi?"

"Sana, mzee. Siku ya saba tunakutembelea. Mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ukifika."

Hapo ndipo alipowaamini. Mtu mwingine angeuliza kuhusu kisu, au kuhusu nguvu zake kitandani. Boazi alisikia tarehe za kurudi, akajua hawa ni watu wa kazi kama yake, akapanda mezani. Hakuna aliyemwambia kwamba wapo wachache ambao maumivu hubaki. Angekwenda hata hivyo. Lakini angekwenda akijua.

Wakampiga picha akiwa na fulana. Baada ya mwezi picha ikabandikwa zahanati, uso wake mkubwa kama sinia, na chini yake maneno: MWANAUME KAMILI HUPANGA.

Siku ya saba alioga mapema, akavaa shati safi, akatoka kukaa nje akiwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Akangoja. Jioni Hyasinta alimletea chai. Mwezi wa tatu akangoja tena, safari hii amesimama, kwa sababu kukaa kulishamshinda. Hyasinta alichukua khanga mbili kuukuu akazisokota, akamshonea kata kubwa, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, ila hii ya kukalia, yenye tundu katikati. Zahanati walimpa panadol. Wakampa dawa ya mkojo. Wakampa dawa ya mkojo tena. "Jikaze, wewe si ndiye wa pale ukutani?" muuguzi wa wakati ule alimwambia, na wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka kutazama ukuta, kisha yeye, kisha ukuta.

Jumanne, kesho yake baada ya dume la Wilibrodi, alikwenda zahanati kuomba barua ya kumpeleka hospitali. Muuguzi alikuwa mpya, dada mmoja wa Dodoma aitwaye Edna, na alikuwa bado hajajifunza kutomsikiliza. Akafungua daftari la kambi ile.

"Baba, mbona hapa umetembelewa mara nne?"

"Na nani?"

Edna akaligeuza daftari.

Siku ya saba: hana malalamiko. Mwezi wa tatu: hana malalamiko. Mwezi wa sita: hana malalamiko, ameridhika. Mwaka: hana malalamiko, yuko tayari kuhamasisha wengine. Na chini ya kila mstari, sahihi yake yeye, Boazi Gwandu, kwa herufi zilizolalia kushoto.

Alizitazama muda mrefu. Herufi zile alizisoma kila asubuhi ya msimu wa kulima, bandani, juu ya vichwa vya Kanali na Diwani.

"Ndiyo maana," Edna alisema polepole. "Waliokuwepo kabla yangu wakifungua hapa wanaona uko mzima. Wanakupa panadol, unaondoka." Akaandika barua bila kuinua kichwa. Alipomaliza akapanda kwenye kiti akabandua lile bango ukutani. "Chukua. Sijui utalifanyia nini, lakini hapa lisikae."

Siku hiyohiyo, hospitalini mjini, alipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwa umri, aitwaye Eva. Boazi aliona aibu mpaka masikioni. Eva alivaa glavu.

"Nitakushika, baba. Nikifika penyewe uniambie."

Katika mwaka na miezi minane, hakuna mkono wa mtaalamu uliokuwa umemgusa hapo. Vidole vilitembea taratibu, vikipima, vikisikiliza, jinsi vyake mwenyewe vinavyotembea siku ya tatu.

"Hapa?"

"Hapo," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajajua kama yanatoka.

"Haya maumivu yapo," Eva alisema. "Hukuyatunga. Huwapata wachache, lakini huwapata. Yalitakiwa kuanza kutibiwa mapema." Akamchoma sindano ya ganzi kwenye mshipa, akampa vidonge vya neva vya kumeza kila jioni, akamwambia avae chupi ya kubana, asiinue mzigo, asishike plau wiki sita. "Si jambo la siku moja. Mengine huisha, mengine hupungua tu. Utarudi tarehe kumi na nne."

"Na wewe utakuwepo?"

Eva akashangaa kidogo. "Nitakuwepo. Hapa hapa."

Ganzi ilimpa saa nne bila maumivu. Alikwenda stendi ya Karatu, akaagiza chai na chapati mbili, akakaa kwenye benchi la saruji. Akakaa! Alikaa kwa uzito wake wote, matako yote mawili, mgongo ukutani. Magari ya watalii yalipita kuelekea kreta, watu wameinua kamera. Chai ikapoa. Hakutaka kuimaliza, maana ikiisha angetakiwa kuinuka.

Jioni alimweleza Hyasinta yote. Mkewe aliendelea kupembua maharage mpaka mwisho.

"Ukisema kesho mbele ya watu," alisema, "Diwani anaondoka."

"Najua."

"Ekari mbili hazijaguswa na mvua iko kwenye kilima pale. Daktari kakukataza plau. Nani atatulimia?"

"Najua, mama Vumilia."

"Na usiposema?"

Boazi akachukua punje moja ya maharage, akaigeuza kiganjani.

"Usiposema, mimi nitakuwa nimeolewa na Bwana Hana Malalamiko," Hyasinta alisema. Wakacheka, wote wawili, kicheko kilichowatoka vibaya kikaishia njiani. Kisha Hyasinta akausogeza ungo pembeni. "Sikukuzalia watoto watano ili jirani awe anatia sahihi badala yako. Nenda kaseme."

Mkutano ulipangwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa saba. Wageni walipitia kwanza kreta kuona faru. Chini ya turubai, kwenye mabenchi ya shule, walikaa wanaume wa Mbulumbulu waliotoka shambani, udongo kwenye buti, na mbele kulikuwa na rundo la fulana mpya za njano. Wilibrodi ndiye aliyeshika kipaza sauti.

"Na sasa, shujaa wetu wa Kansay! Karibu Boazi, uwape ushuhuda."

Kutoka nyuma mtu akaita, "Mhasi kahasiwa!" Kicheko kikatembea benchi kwa benchi. Boazi alisimama mbele, akalifungua lile bango, akalishika kifuani.

"Huyu ni mimi. Fulana waliichukua baada ya picha." Akangoja kicheko kiishe. "Sikuja kuwaambia msifunge. Mke wangu yuko hai na leo asubuhi kanitukana, ana nguvu zake. Ningerudia kesho. Nimekuja kuwaambia mimi naumwa tangu siku ile, na kwenye daftari nimeandikwa siumwi."

"Boazi," Wilibrodi alisema kwa sauti ya chini, mkono umefunika kipaza sauti, "haya tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulikuwepo miezi ishirini. Waambie hawa. Siku ya saba ulinikuta wapi?"

Wilibrodi akageukia rundo la fulana.

"Nilikuwa nimevaa shati gani, Wilibrodi?"

Mgeni mmoja aliinama kumnong'oneza mwenzake. Wilibrodi alikuwa anatokwa jasho mdomo wa juu.

"Walisema wasipoona fomu zimejaa, mradi unahama," alisema mwishowe, mkono umeshateleza, na kipaza sauti kikalibeba neno lake mpaka nje ya turubai. "Niliandika nikijua utapona. Kila mtu hupona."

"Ulikuwa unapita getini kwangu kila siku. Ungenyoosha shingo tu."

Kisha Boazi akawageukia wanaume. "Akija mtu kuwafunga, msimwogope. Mwulizeni jina la atakayerudi, mmwone uso. Asiye na jina, msimpandie mezani. Na kama kuna mwenzangu hapa ambaye hawakurudi kwake, asimame. Sitaki asimulie. Asimame tu."

Hakuna aliyesimama. Watu walitazama viatu vyao. Mmoja alikohoa. Lakini kwenye benchi la tatu, mwanaume mwenye koti la kijani alijisogeza. Aliinua nusu ya mwili wake, akakaa kwa tako moja, akauma mdomo wa chini, akahesabu kitu kimoyomoyo, akashuka. Hakuna aliyeona ila mtu mmoja chini ya turubai lile, aliyekuwa akifanya hivyohivyo kanisani kila Jumapili. Macho yake na ya Boazi yakakutana. Yule wa koti akatazama pembeni.

Unajua inavyokuwa, kutazama pembeni.

Mkutano uliahirishwa kwa sababu ya muda, walisema. Fulana zilirudi kwenye gari. Nje, mama mmoja alikuwa anauza maandazi, na Boazi akamuuliza yule wa koti la kijani ni nani.

"Piusi? Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Siku hizi kawa mkali, hata salamu kwake ni shida."

Alhamisi alfajiri Boazi alikwenda kwa Wilibrodi. Alipita getini, hakupiga hodi ya nyumba, akaingia bomani. Dume lilikuwa limesimama, miguu ya nyuma imetanuka kidogo. Aliliongelesha, akaweka mkono. Uvimbe wa kiasi, joto la kiasi, ngozi hai. Akashika mshipa mmoja, akashika wa pili.

Wilibrodi alitokea nyuma yake na blanketi begani. Alingoja mpaka Boazi alipomaliza kunawa kwenye pipa.

"Umekuja hata hivyo," alisema.

"Dume halijanikosea kitu. Lisifungwe kamba wiki hii. Jumatatu ya wiki mbili nitalitazama tena."

"Boazi, ndugu yangu—"

"Tulikuwa kwenye nira moja, Wilibrodi. Ng'ombe akiumia bega, mwenzake hujua kabla ya mwenye plau."

Adhuhuri mtoto wa Wilibrodi alikuja kumchukua Diwani. Hyasinta alikuwa ameshavuta mistari minne na nusu, yeye nyuma ya plau, mtoto wao Vumilia mbele ya ng'ombe. Nira ilibaki pale mtaroni, upande mmoja chini ya shingo ya Kanali, upande wa pili kwenye udongo. Kanali alisimama vilevile, amejisogeza kushoto, akimwachia mwenzake nafasi. Tone la kwanza la mvua likaanguka, zito, likatoboa vumbi.

"Hata jembe la mkono linalima," Hyasinta alisema, akalichukua.

Jumamosi ilikuwa siku ya tatu tangu Mbulumbulu. Boazi alikuwa amemeza kidonge chake jioni iliyotangulia, akaamka waya ukiwepo lakini umelegea, kama mtu wa upande wa pili amechoka kidogo kuvuta. Alivaa lile shati safi. Mpaka Karatu alikwenda kwa pikipiki, amesimama juu ya vikanyagio njia nzima, dereva akimlaumu. Kutoka pale akapanda nyuma ya kenta ya mbegu. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mashamba ya ngano, na nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na nyumba ya bati yenye mlango wa bluu.

Nje ya mlango palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda, kata. Kata kubwa ya kitenge, yenye tundu katikati, imeshonwa na mkono wa mtu mwenye subira. Kata hukaa kichwani chini ya ndoo; haikai kwenye kigoda. Boazi aliishika. Ilikuwa bado na joto.

"Hodi," alisema.

Ndani kitu kilisogea. Pazia la dirishani likatikisika, likatulia.

"Naitwa Boazi. Sijaja kukusimanga. Nimekuja kuangalia unaendeleaje."

Ukungu ukapita kati yake na mlango. Alisimama, akahamisha uzito kwenda mguu wa kulia, akasubiri, akaurudisha kushoto. Kata mkononi ilianza kupoa.

"Hodi," alisema mara ya pili.

Wewe uliye nyuma ya pazia, unamwona. Na wewe wa mnadani, weka hiyo simu chini: kuna mlango kama huu mtaani kwako, na siku ya tatu ya aliye ndani ilipita zamani. Inuka. Usingoje wageni kutoka Dar, usingoje fomu. Na wewe wa pazia, Boazi yuko mlangoni, amesimama na maumivu yake. Mfungulie. Sasa hivi.